Siku ya kutoa majina: jinsi ya kuiandaa tovuti isigome watu wakija wote kwa mpigo

Wakuu, hii ni kwa wale mnaosimamia tovuti ya shule, chuo, halmashauri, klabu, duka, yoyote ile ambayo mwaka mzima inaingiwa na watu wachache wachache alafu siku moja, siku ya matokeo au majina ya waliochaguliwa au tiketi, wanamiminika wote ndani ya dakika kumi na kila mtu anarifreshi. Hapo ndo bosi anapiga simu, "mbona haifunguki?", na jibu ambalo wengi wanalikimbilia ni kununua seva kubwa. Mi nasema seva kubwa iwe kitu cha mwisho kabisa kufikiria. Cha kwanza angalia mtu akifungua ukurasa wako anapakua kitu cha uzito gani, na seva inahangaika kiasi gani kukiandaa. Ukishughulikia hayo mawili mara nyingi utakuta kale kaseva kako ka bei ya chini kanatosha, na faida ya pili ni kwamba yule mwenye simu ya kawaida na bando la kubana, na yule asiyeona ambaye simu ndo inamsomea, wote wanafika kwenye majina kama wengine.

Tuchukue chuo kinachotoa orodha ya waliochaguliwa, watu elfu tano wanasubiri, tangazo linatoka saa nne asubuhi.

Anza na ile PDF

Mnaijua wote. Orodha imechapwa kwenye Word, ikaprintiwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa, ikapandishwa kama PDF ya MB 8. Sasa piga hesabu. MB 8 mara watu elfu tano ni GB 40. Seva yako ikiwa na laini ya Mbps 100 maana yake inatoa MB 12.5 kwa sekunde, yaani haifiki PDF mbili kwa sekunde. Kuwamaliza watu elfu tano inakutaka dakika kama 53, laini ikiwa imejaa muda wote na hakuna hata mmoja aliyejaribu mara mbili, na wote tunajua watajaribu mara mbili. Kwenye hosting ya kushea, yaani seva moja inayobeba tovuti za watu wengi, hiyo laini hata sio yako peke yako.

Orodha hiyo hiyo ukiiweka kama jedwali la HTML, ukaigawa kwa kozi, na seva ikawa inabana maandishi kwa gzip kabla ya kuyatuma, ukurasa mmoja unaweza kushuka hadi KB 10 hivi. Laini ile ile inatoa zaidi ya kurasa elfu moja kwa sekunde. Hujanunua chochote.

Alafu ile PDF iliyoskaniwa ni picha. Mtu asiyeona akiifungua na TalkBack kwenye Android au NVDA kwenye kompyuta (programu zinazosoma skrini kwa sauti) hakuna maandishi ya kusomewa humo. Hata anayeona anapata shida, maana hawezi kutafuta jina lake kwa kuandika, anabaki kuvuta kioo kwa vidole huku na huku kwenye kurasa arobaini. Kwa hiyo faili moja limewaangusha watu wa aina tatu kwa mpigo, asiyeona, anayeona na mwenye bando dogo, na limeiangusha na seva.

Angalieni NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wanavyofanya matokeo ya kidato cha nne. Watu wanaicheka ile sura ya kizamani lakini iko vile kwa faida kubwa: ni kurasa za HTML tupu, kila shule na ukurasa wake, ndani kuna jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na masomo. Hakuna kulogin wala slaida inayozunguka picha za viongozi. Ukurasa wa namna hiyo seva inautoa kama ulivyo, haifikirii chochote. Na ona wanatumia namba, hawaaniki jina la mtu na alama zake, ambalo nalo ni jambo la kuiga.

Kwako wewe fanya hivi: gawa orodha kwa kozi au kwa mkoa ili ukurasa mmoja usiwe mrefu kupita kiasi, vichwa vya jedwali viweke kwa `<th scope="col">` sio maandishi yaliyokolezwa tu, maana bila hivyo programu inayosoma skrini itamtajia mtu namba na majina bila kumwambia iko kwenye safu gani. Juu kabisa ya ukurasa andika `<html lang="sw">` kama maandishi ni ya Kiswahili, vinginevyo simu inaweza ikayasoma kwa matamshi ya Kizungu na haieleweki. Bosi akisisitiza PDF, sawa, weka na PDF chini, ila itolewe moja kwa moja kutoka kwenye Word bila kupita kwenye skana, na kando ya linki andika ukubwa wake, "PDF, KB 300", mtu aamue mwenyewe kama bando linaruhusu.

Kazi inayofanyika nyuma

Tovuti nyingi huku kwetu ni WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti. Kila mtu akifungua ukurasa, PHP (lugha inayoiendesha WordPress) inaamka, inaenda kuuliza databesi mara kadhaa, inajenga ukurasa, inautuma, alafu mtu wa pili akija inaanza upya kazi ile ile kama vile haijawahi kuifanya. Sasa tuseme hosting yako inaruhusu michakato 10 ya PHP kwa wakati mmoja na kila ukurasa unachukua nusu sekunde. Hiyo ni kurasa 20 kwa sekunde, basi. SMS ya tangazo ikiingia kwenye simu elfu tano kwa dakika moja na robo tu yao wakabonyeza hapo hapo, tayari uko juu ya kiwango, foleni inaanza kujengeka, wanaosubiri wanarifreshi, kila rifreshi ni ombi jipya, na ile ya zamani seva bado inahangaika nayo wakati mwenyewe ameshaondoka.

Ndo pale unaona "508 Resource Limit Is Reached" kwenye hosting za kushea, au "Too many connections" kutoka MySQL, ndo databesi yenyewe, ambayo isipoguswa inakubali miunganisho 151 tu. Wengine wakiona hiyo wanapandisha namba hiyo mpaka 1000. Usifanye hivyo bila kuangalia RAM. Na michakato ya PHP ni hivyo hivyo: mmoja unaweza kula MB 60 au zaidi, kwenye VPS (seva ya kukodi) yenye RAM ya GB 2 ukitoa za mfumo na za databesi unabaki na nafasi ya michakato 20 hivi, ukiweka 100 seva itaanza kuswap, yaani kutumia diski badala ya RAM, na hapo hata wewe mwenyewe kuingia kwa SSH kuirekebisha ni shida. Weka `pm.max_children` (idadi ya juu ya michakato ya PHP) kulingana na hesabu ya RAM yako.

Dawa yenyewe ni kashe, yaani ukurasa unajengwa mara moja, nakala inahifadhiwa, wanaofuata wote wanapewa nakala. Kwenye WordPress weka plagini (kiongezeo) moja ya kashe (moja, sio tatu, zinapigana). WP Super Cache inatosha, kama hosting ni ya LiteSpeed basi tumia ya LiteSpeed. Kama unaendesha seva yako mwenyewe kwa programu ya Nginx, ukishatengeneza eneo la kashe na ufunguo wake, mistari inayookoa ni hii:

fastcgi_cache_valid 200 30s;
fastcgi_cache_lock on;
fastcgi_cache_use_stale updating error timeout http_503;

Watu wanadharau hiyo sekunde 30 wanaona ni fupi. Lakini kama wanaingia watu 200 kwa sekunde, PHP inafanya kazi mara moja kati ya maombi elfu sita. Na ukirekebisha jina lililokosewa ndani ya nusu dakika kila mtu analiona, huna haja ya kuhangaika kufuta kashe katikati ya vurugu.

Ule mstari wa pili, `lock`, una historia yake. Tarehe 25 Juni 2009 alipofariki Michael Jackson, dunia nzima ilikimbilia ukurasa wake Wikipedia, na Wikipedia walikuwa na kashe nzuri tu, ila ukurasa ulikuwa unahaririwa kila wakati, kila ukihaririwa nakala ya zamani inakufa, na wale wote waliokuja kwenye upenyo huo kila mmoja akaanzisha kazi yake ya kuujenga upya ule ukurasa, seva nyingi zinajenga kitu kimoja kwa wakati mmoja mpaka zikazidiwa. Baada ya hapo wakatengeneza kitu kinaitwa PoolCounter, kazi yake ni kuhakikisha mmoja anajenga wengine wanasubiri au wanapewa nakala ya zamani. Hiyo mistari miwili ya mwisho hapo juu inakufanyia kitu cha aina hiyo hiyo kwenye kaseva kako.

Vitu vinavyoua kashe kimya kimya: kuki inayowekwa kwa kila mgeni hata asiyelogin, kaunta ya "umetembelewa na watu kadhaa", kikapu cha WooCommerce (plagini ya duka) kikiwa kinajisasisha kila ukurasa, na linki zinazotoka Facebook zikiwa na mkia wa `fbclid`, ambapo kila mtu anakuja na mkia tofauti na kashe inadhani kila mmoja anataka ukurasa tofauti. Iambie ipuuze hiyo mikia. Na ile cron ya WordPress (ratiba ya kazi zake za nyuma) inayoamshwa na wageni iondoe, weka `DISABLE_WP_CRON` kuwa true kwenye wp-config alafu uiite kutoka cron ya seva kila dakika tano.

Juu ya hapo weka CDN, yaani mtandao wa seva zinazotunza nakala za tovuti yako sehemu mbalimbali, hata ile ya bure. Cloudflare wana vituo Dar, Nairobi na Mombasa, kwa hiyo nakala inatolewa karibu na mtu badala ya kwenda kuifuata Ulaya. Mnakumbuka 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua? Siku kama hiyo kurasa nyepesi zenye nakala karibu ndo zinakuwa na nafuu. Ila ukumbuke Cloudflare kwa kawaida yake anahifadhi picha, CSS na JavaScript, HTML yenyewe haiweki kwenye kashe mpaka umwambie kwa kanuni. Wengi wanawasha tu alafu wanalala wakidhani wamemaliza.

Usifukuze watu ukidhani ni wadukuzi

Siku hiyo hiyo ya Juni 2009 Google nao walikwama kwa namna yao. Watu waliotafuta jina la Michael Jackson walikuwa wengi ghafla kiasi kwamba mfumo ukadhani ni shambulio, kwa karibu nusu saa baadhi yao wakawa wanaonyeshwa ukurasa unaowaambia maombi yao yanafanana na ya kirusi cha kompyuta. Sasa kama Google walijichanganya, ile kanuni yako ya "maombi 10 kwa dakika kwa IP moja" itafanya nini? Mitandao yetu ya simu inawaweka wateja wengi sana nyuma ya IP moja. Ukifunga IP moja unaweza ukawa umefunga mtaa mzima. Kiwango kiweke juu, kikazie zaidi kwenye kulogin na kutuma fomu, sio kwenye kusoma orodha, na ukilazimika kumkatalia mtu mpe jibu la 429 (umeomba mara nyingi mno) au 503 (seva imezidiwa) lenye `Retry-After`, yaani muda wa kusubiri, usimfungie saa nzima.

Kapcha za kuchagua picha za taa za barabarani ndo kabisa. Asiyeona zinamkwamisha, mwenye bando dogo zinamla, mwenye haraka zinamkera. Kwa ukurasa wa kusoma tu hazina kazi yoyote.

Na kulogin nako. Healthcare.gov ya Marekani ilipofunguliwa 1 Oktoba 2013, mtu alilazimika kufungua akaunti kwanza ndo aone bima zilizopo na bei zake, kwa hiyo wote, hadi wa kuchungulia tu, wakabanana kwenye mlango mmoja. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa 6. Sita tu. Kitu kisicho na siri kiache wazi, akaunti iombwe pale tu mtu anapotaka kufanya jambo lake binafsi.

Fomu, foleni na malipo

Kusoma ni rahisi, kuandika ndo kugumu, maana fomu haiwezi kutolewa kwenye kashe. Hapa hakuna ujanja mwingi: punguza maswali, picha na vyeti viombwe baadae, na kila hatua ihifadhi alichojaza. Mtu akijaza dakika ishirini alafu sesheni ikaisha kimya kimya, ataanza upya, na wewe umepata mzigo mara mbili. Anayejaza kwa msaada wa programu ya kusoma skrini anachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo refusha sesheni, na kabla haijaisha muonye na umpe kitufe cha kuongeza muda.

Ukiweka foleni ya kusubiria mlangoni, ukurasa wake uwe HTML tupu isiyogusa databesi. Usiufanye ujirifreshi wote kila sekunde tano, kwa sababu kila ukijirifreshi yule anayesomewa anarudishwa mwanzo kabisa wa ukurasa, hafiki popote, na maombi ya bure yanaongezeka. Badilisha namba yake tu, na uipe alama inayoiambia programu ya kusoma skrini itaje mabadiliko bila kumkatiza mtu, yaani `aria-live="polite"`, kila nusu dakika inatosha. Asipoteze nafasi yake simu ikijifunga kioo. Na mwambie ukweli, "mbele yako wapo watu 340" ni bora kuliko duara linalozunguka.

Malipo ya simu: ukituma ombi la kuweka PIN na likachelewa mtu anabonyeza tena Lipa, linakuja la pili, analipa mara mbili, kesho yake ni ugomvi. Oda moja iwe na namba moja, kitufe kikibonyezwa tena kirudishe ombi lile lile lililopo. Jibu la malipo linapoingia kutoka kwa kampuni ya simu lipokee, liandike, jibu haraka, kazi nzito kama kutengeneza tiketi na kutuma barua pepe ziende kwenye foleni ya nyuma zifanyike taratibu.

Jaribu kabla hawajaja

Wiki mbili kabla, sio usiku wa kuamkia. Chukua mashine nyingine, sio seva yenyewe, ukimbize programu ya kupima mzigo kama ab, hapa inatuma maombi 2000, 50 kwa mpigo:

ab -n 2000 -c 50 https://tovutiyako.ac.tz/majina/

Waambie hosting kwanza, maana wengine watakufungia. Ukitaka kuigiza safari nzima ya mtumiaji, anafungua, anatafuta, anajaza, tumia k6 au JMeter. Usidanganyike na wastani, angalia wale asilimia tano wa mwisho wanasubiri muda gani, ndo wale watakaopiga simu. Ongeza kidogo kidogo mpaka igome, alafu ujue iligomea wapi, RAM, PHP au databesi. Tovuti ambayo hujui inagomea wapi bado hujaijaribu.

Alafu chukua simu ya bei ya chini, zima WiFi, weka laini kwenye 3G, washa TalkBack, funga macho, ulitafute jina. Inachukua dakika kumi na itakuonyesha mambo ambayo hakuna ripoti itakuonyesha. Slaida, video inayojicheza, fonti nne za kupakua, dirisha la "jiunge na jarida letu" linaloziba ukurasa wote na kitufe chake cha kufunga hakina jina... toa. Siku hiyo hazina kazi. CNN walifanya hivyo hivyo 11 Septemba 2001, ukurasa wao wa mbele waliupunguza ukabaki maandishi na picha kidogo.

Siku yenyewe

Pandisha kurasa zote usiku kwenye folda ambayo haijafunguliwa, uzikague, saa ikifika unabadilisha jina la folda tu. Kupandisha mafaili wakati watu wameshaanza kugonga mlango ni kujitafutia presha. Hakikisha cheti cha SSL hakiishi wiki hiyo (vya Let's Encrypt kwa kawaida vinaishi siku 90 na kujiongeza kwake huwa kunagoma bila kusema), domeni imelipiwa, na TTL ya DNS (muda ambao mitandao inakumbuka domeni yako iko seva gani) umeishusha siku mbili kabla iwe dakika tano endapo utalazimika kuhamia seva nyingine.

SMS zitume kwa mafungu, elfu moja kila dakika kumi, na linki iende moja kwa moja kwenye ukurasa wa orodha, isipitie ukurasa wa mwanzo. Hili peke yake linapunguza mzigo kuliko hata kuongeza RAM, na ni bure, ila utabishana na ofisi ya uhusiano kwa sababu wao wanataka wote wapate sekunde moja. Bishana nao.

Andaa na ukurasa wa kuzidiwa mapema, faili moja la HTML lisilotegemea PHP, maandishi yasomeke vizuri, lina saa uliyoandika, linasema kinachoendelea, linasema majina hayaondoki na hakuna nafasi inayopotea kwa kuchelewa kuyaona, na lina namba ya simu ya ofisi. Watu wanarifreshi kwa hofu, ukiwatoa hofu wanapunguza. Litoke na namba ya jibu 503, sio 200 (ile ya "kila kitu sawa"), maana ukiweka 200 kashe italihifadhi kama ukurasa halali na utaendelea kuwaambia watu mmezidiwa wakati seva imeshatulia.

Mtu mmoja aangalie seva, mwingine ajibu simu na WhatsApp, wasiwe mtu mmoja. Na siku hiyo hakuna kusasisha plagini, hata ikipiga kelele namna gani.

Mambo yakitulia chukua logi kabla hazijajifuta uone dakika ipi ilikuwa nzito na ukurasa gani uliombwa zaidi, hizo ndo namba za kujaribia mwakani. TTL irudishe juu. Linki ya orodha usiifute wala usiihamishe, ishasambaa kwenye magrupu na itaendelea kufunguliwa kwa miezi, ukilazimika kuihamisha weka 301, inayompeleka mtu kwenye anwani mpya.